Kathiresan Hakushuka Baiskeli

Kama ulioa au kuolewa Kovilpatti kabla ya hizi simu za mkononi kuingia, basi sauti ya Kathiresan imo katika harusi yako, upende usipende. Ndiye aliyewaomba watu wakae. Ndiye aliyemwita mama wa bwana harusi asogee jukwaani, na ndiye aliyewasihi wenye watoto wawashike watoto wao wasikanyage waya. Sauti nzito, iliyotulia, yenye asali kidogo. Wanawake wakiisikia waliacha kukuna nazi wakaulizana, huyu ni nani hasa? Wakienda kuchungulia nyuma ya jukwaa wanamkuta mtu mwembamba amekaa chini, kawapa watu mgongo, kainamia amplifaya yake, shingo imemwingia mabegani kwa haya.

Haya ya Kathiresan haikuwa ile ya adabu tunayowasifia vijana. Yake ilikuwa maradhi. Kusema na watu elfu asiowaona aliweza, tena vizuri kuliko wanasiasa. Lakini mtu mmoja akisimama mbele yake na kumtazama usoni, hasa akiwa mwanamke, ulimi wake uliganda. Dukani kwake, karibu na kituo cha mabasi, wateja walizoea kumweleza haja zao huku yeye akiviringisha waya, na wakimaliza anaitikia kwa kichwa. Wengine walisema ana maringo. Mtu mwenye sauti ile, walisema, atakuwaje na haya? Anatudharau tu. Mimi simtetei, maana kama mtu hasemi, wenziwe watamsemea, na watu hawajawahi kumsemea mtu mema.

Mama yake, Sornam, alikuwa mjane aliyemlea kwa kutengeneza kashata za karanga, na mdomo wake ulitosha kwa wote wawili. Kathiresan alipofika miaka thelathini na miwili bila mke, Sornam alianza kumtia maneno kila asubuhi, kahawa ikiwa bado jikoni.

"Umepiga muziki kwenye harusi za watoto waliozaliwa wewe ukiwa na ndevu," alimwambia. "Hizo spika zako zitakupikia uzeeni? Zitakukanda mgongo?"

"Mama, acha."

"Siachi. Jumapili tunakwenda Karisalpatti kumwona msichana. Fua shati lako la buluu."

Karisalpatti ni kijiji cha udongo mweusi, mwendo wa baiskeli kutoka mjini, pamba upande huu, pilipili upande ule. Mwenye binti alikuwa Sudalaimuthu, mkulima mpole aliyefiwa na mke miaka mingi nyuma. Mambo ya kike ya nyumba ile yaliendeshwa na dada yake, Pappathi, aliyekaa nyumba ya pili na kuijua kila sufuria ya kaka yake kwa mlio wake. Binti mwenyewe aliitwa Isakki. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha viberiti, na wenzake kiwandani walisema siku asipokuja, saa haziendi, kwa kuwa hakuna wa kuwachekesha.

Alitoka na sinia la kahawa, macho chini kama ilivyo desturi. Alipofika kwa Kathiresan alisema polepole, midomo haichezi, "Ya moto hiyo. Usiikimbilie."

Kathiresan aliikimbilia. Akaunguza ulimi, akaimeza hivyohivyo.

Wazee walipomaliza kuulizana habari za koo na nyota za kuzaliwa, mmoja akasema siku hizi vijana huachwa waongee kidogo, ndiyo mtindo. Wakapelekwa nyuma ya nyumba, kwenye zizi la ng'ombe. Isakki aliegemea mti wa zizi, akamtazama. Kathiresan akamtazama ng'ombe.

"Wewe ndiye uliyetangaza kwenye sikukuu ya hekalu mwaka jana kwamba aliyepoteza ndala ya mguu wa kushoto aje kuichukua?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Ilikuwa yangu. Umeitangaza mpaka vijiji saba wamesikia. Nilirudi nyumbani na ndala moja, kheri hivyo kuliko kuja kuichukua mbele ya watu wote."

Kathiresan alitaka kusema samahani, akaishia kumkuna ng'ombe shingoni.

"Sasa niambie kitu kimoja," alisema Isakki, na kicheko kikaondoka kidogo usoni. "Anayenitaka ni wewe au ni mama yako?"

Akaitikia tena kwa kichwa.

"Hicho kichwa ni cha 'wewe' au ni cha 'mama'?" Halafu akaangua kicheko mwenyewe, akajiziba mdomo na ukingo wa sari. "Haya, basi. Ng'ombe wetu naye hujibu hivyohivyo. Tofauti yenu ni kwamba wewe una sauti. Nitaisubiri."

Hapo Kathiresan alicheka. Alicheka kwa sauti, jambo ambalo hata mama yake hakuwa amelisikia tangu utoto wake, na kule barazani wazee wakatazamana wakatabasamu. Alimpenda Isakki palepale, kati ya samadi na majani makavu, na hakuwahi kumpenda mwingine. Ningependa kusema alimwambia. Hakumwambia.

Uchumba ukafungwa mwezi uleule. Pande mbili zikabadilishana sinia: nazi, ndizi, manjano, sari, na tambuu na popoo juu yake. Kwetu sinia hizo zikishabadilishana mikono, binti ni wa upande wa pili, kilichobaki ni kungoja mwezi wa Thai, mavuno yaingie ndani na harusi ifungwe. Kathiresan alikaa kwenye mkeka katika shati jipya, jasho linamtiririka, akisikia mwenzake wa kazi kutoka mji mwingine akitangaza jina lake kwenye kipaza sauti. Ilimshangaza kuona jina lake linavyosikika vibaya kinywani mwa mtu mwingine.

Baada ya hapo ikaja karamu, na karamu ndiyo iliyomwangamiza.

Kila mtoto wa kwetu anajua adabu ya jani la mgomba. Ukimaliza kula kwenye sherehe, jani unalikunja kuja kwako. Maana yake nimeshiba, na undugu wetu uendelee. Kulikunja upande wa pili, kwenda mbele, ukalifunga mbali na kifua chako, ni kwa chakula cha matanga tu, maana shughuli ile hakuna anayeomba irudi. Mtu hafundishwi haya, huyaona tangu akiwa mapajani mwa mama yake.

Sasa, fundi wa spika hapigi muziki harusini tu. Watu wakifiwa vilevile humwita, afunge taa uani, aweke kanda za maombolezo. Na mwezi ule watu wa Kovilpatti walikuwa wamekufa kana kwamba wamepeana zamu. Kathiresan alikuwa ametoka matanga haya akaingia matanga yale, kote huko amekula, kote huko amekunja jani lake mbele kama inavyotakiwa. Mkono wake ulikuwa umeshazoea. Na siku ile ya uchumba wake, wasichana wamejaa mlangoni wanamtazama anavyokula na kuchekeana, yeye alimeza tonge la mwisho, akataka tu kuinuka aondoke machoni pao. Mkono ukafanya ulichozoea.

Alilitambua kosa lake alipokuwa ananawa. Aligeuka akamwona Pappathi amesimama juu ya lile jani, mikono kiunoni. Mtu mwingine angerudi akicheka, akasema, "Jamani, mkono wangu umetoka kazini, nisameheni," akalikunja upya, watu wakamtania mpaka jioni, yakaisha. Ilikuwa kazi ya sentensi moja. Kathiresan alijipangusa mikono kwa shuka aliyojifunga kiunoni, akaenda kusimama karibu na jenereta.

Pappathi naye hakuwa mtu wa kuacha kitu kioze bure. Alikuwa na mwana, Velsami, dereva wa lori, na kwa desturi yetu mtoto wa shangazi ndiye mwenye haki ya kwanza kwa binti wa mjomba wake. Sudalaimuthu alikuwa amemruka kwa sababu Isakki mwenyewe alisema Velsami anaongea kama anayegombana na upepo. Pappathi alikuwa amelimeza hilo, lakini halikuwa limeshuka. Kabla masufuria ya karamu hayajaoshwa, Karisalpatti nzima ilishajua kwamba mchumba amekunja jani la msiba kwenye nyumba ya furaha. Wengine walisema hamtaki binti, amelazimishwa na mama yake. Wengine walisema ni nuksi, bibi harusi hatafika mwaka. Kiwandani wanawake walianza kumwangalia Isakki kwa huruma, na mtu aliyezoea kuchekesha watu hakuna anachokichukia kama kuhurumiwa.

Sudalaimuthu alivumilia, kisha akaja mwenyewe dukani mchana mmoja, akavua ndala mlangoni kama anayeingia hekaluni. Mkwe kwetu humwita baba wa mkewe mjomba, na Kathiresan alisimama akasema, "Mjomba," akakwama hapo.

"Kaa, mwanangu. Sikuja kwa ugomvi." Mzee alikaa juu ya sanduku la spika. "Mimi jani silijali. Mimi nimelima miaka arobaini, majani nimeyaona. Lakini nyumba yangu ina wanawake, na wanawake wana maneno. Wewe niambie tu: moyo wako uko kwa binti yangu? Sema ndiyo, nami nitakwenda kuwafunga wote midomo, nikianza na dada yangu."

Neno lenyewe lilikuwa ndiyo. Kathiresan alilihisi hapa kifuani, zito kama jiwe la kusagia. Lakini mzee alikuwa anamtazama usoni kwa macho ya kusihi, na macho yale ndiyo yaliyomshinda. Akachukua kipande cha waya. Akakinyoosha, akakikunja.

"Muulize mama," alisema.

Sudalaimuthu aliitikia, akavaa ndala zake. Alikwenda kwa Sornam kweli, na Sornam, ambaye hakuna aliyekuwa amemwambia habari za jani, aliona mwanawe anasutwa. "Tumekuja kuoa au tumekuja kufanya mtihani wa kula?" alimuuliza mzee wa watu. "Kama kwenu mnahesabu majani, hesabuni na yale ambayo dada yako aliyafungia wali akapeleka kwake." Hilo lilikuwa kweli, na kwa hiyo liliuma zaidi.

Yakawa hayo. Siku zikaenda, hakuna aliyekwenda kwa mwenzake.

Ndipo Isakki alipokuja mwenyewe. Ilikuwa siku chache kabla ya sikukuu ya kuviombea dua vyombo vya kazi, ambapo viwanda na karakana zote hupamba mashine kwa maua, na yeye alijitolea kiwandani kwenda kukodi spika. Mchumba wa kike kuingia dukani kwa mchumba wake kabla ya harusi, mchana kweupe, kituo cha mabasi kimejaa watu! Muuza chai wa jirani aliacha chai ikafurika.

"Nataka spika mbili na kanda za nyimbo za ibada," alisema Isakki kwa sauti ya watu kusikia. Kisha akaishusha. "Na usinipe mgongo, nimetembea juani."

Kathiresan akageuka. Aliangalia bangili zake.

"Mimi najua ulitoka matangani," alisema Isakki. "Niliuliza watu. Nyumba ya mfinyanzi, nyumba ya karani, nyumba ya yule bibi wa mtaa wa mafuta. Kote ulikuwa wewe. Nilipojua nilicheka peke yangu kiwandani mpaka msimamizi akanifokea. Lakini mimi kujua hakutoshi. Baba anataka kuona, mtaa unataka kuona."

Kathiresan aliitikia kwa kichwa.

"Basi sikiliza. Ijumaa njoo ule kwetu mchana. Nitapika mimi, si shangazi. Utakaa barazani, mbele yao wote, utakula, utakunja jani lako kuja kwako, utanawa, utakwenda zako. Huna haja ya kusema neno lolote. Hata salamu nakusamehe. Unaweza?"

"Nitakuja," alisema Kathiresan.

Isakki aliinua nyusi. Ilikuwa ile sauti yenyewe, ya spika, ila safari hii haikuwa na waya na ilikuwa yake peke yake. Alisahau kuchukua kanda za kiwanda, ikabidi arudi kutoka barabarani kuzichukua, akicheka, na muuza chai akasema wallahi harusi ipo.

Ijumaa Kathiresan alioga, akavaa lile shati la buluu na shuka nyeupe iliyopigwa pasi. Alinunua asumini iliyoshonwa uzi, akaifunga kwenye jani ibaki mbichi, akachukua na pakiti ya kashata za mama yake. Njiani aliimba. Mimi siongezi chumvi, mchunga mbuzi mmoja alimsikia akiimba.

Mtaa wa Sudalaimuthu ni mwembamba, nyumba zinatazamana, baraza kwa baraza. Na mchana, wanawake wasiokwenda kiwandani hukaa kwenye baraza hizo wakigundisha visanduku vya viberiti kwa ujira wa idadi, gundi kwenye bakuli, vidole vinakimbia, maneno yanakimbia zaidi. Kathiresan alipopinda kona, maneno yakanyamaza. Yote, kwa mara moja. Vichwa vikainuka baraza hii na baraza ile. Kule mbele aliuona mlango wa kina Isakki umeegeshwa, na barazani mkeka umetandikwa, na juu ya mkeka jani la mgomba limeoshwa, linang'aa maji.

Miguu yake ilitakiwa iache kukanyaga pedali. Haikuacha. Alijiona anapita mbele ya ule mkeka, macho barabarani, kama mtu mwenye safari ya mbali. Akatokea upande wa pili wa kijiji, akasimama kwenye bwawa, akajitukana matusi ambayo hakuwa amemtukana mtu yeyote. Rudi, alijiambia. Utashuka, utaegemeza baiskeli ukutani, utakaa. Hata salamu umesamehewa.

Akarudi. Wanawake sasa walikuwa wameacha kazi kabisa, mikono hewani. Mmoja alikohoa kukohoa kule ambako si kikohozi. Akapita tena.

Mara ya tatu, ya mwisho, Pappathi alikuwa amekuja kukaa kwenye ngazi ya nyumba yake. Alimngoja afike usawa wake, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Umepotea njia, baba?"

Na Kathiresan akajibu. Mtu asiyejibu, siku hiyo akajibu. "Natafuta nyumba iliyoagiza spika," alisema.

"Hapa hakuna aliyeagiza," alisema Pappathi, na mtaa mzima ukapasuka kwa kicheko. Mpaka leo sijui kama Kathiresan angeweza kusema jambo baya zaidi hata angepewa wiki nzima ya kulitafuta. Alikanyaga pedali mpaka nje ya kijiji. Asumini aliitupa kwenye shamba la pamba.

Wazee wawili wa Karisalpatti walirudisha sinia za uchumba baada ya hapo. Hakukuwa na matusi. Waliweka nazi, ndizi na ile sari ikiwa bado imekunjwa vilevile, wakanywa maji, wakaondoka. Sornam ndiye aliyelia. Kathiresan alikaa uani akimsikiliza mama yake akilia, na akaona kwamba hata sasa, akiinuka, akachukua baiskeli, akaenda kusimama uani kwa Sudalaimuthu na kusema neno moja, pengine mambo yangegeuka. Aliliona hilo wazi kabisa. Akaendelea kukaa.

Isakki aliolewa na Velsami mwezi wa Thai. Spika hawakukodi kwake, walikodi mbali kwa kumsitiri. Lakini nchi yetu ni tambarare, na asubuhi ya baridi spika iliyofungwa juu ya mnazi husikika mbali sana. Kathiresan alikuwa juu ya paa akianika pilipili za mama yake. Alisikia zumari na ngoma. Halafu akasikia mtangazaji akiita bibi harusi aletwe, na mtangazaji yule alikuwa hajui kazi, alikuwa ameng'ata kipaza sauti karibu kukimeza, jina la Isakki likatoka limepasuka katikati. Kathiresan alibaki ameshika ungo. Kwa sauti yake mwenyewe, polepole, alilitamka jina lile kama linavyotakiwa. Hakuna aliyemsikia.

Hakuoa. Sornam alijaribu mara nyingi, kisha akachoka, kisha akafa. Kanda zikaondoka, zikaja sidii, nazo zikaondoka. Vijana wakafungua maduka yenye taa za kuzunguka na spika ndefu kuliko mtu, lakini wenye harusi za heshima bado walimtafuta Kathiresan atangaze. Mvi zikamwota. Haya ikabaki na umri uleule.

Miaka ilipofika ishirini na mitatu tangu harusi ile, mchana mmoja, alikuwa ameinamia waya alipoona kivuli mlangoni, na mwanamke akasema, "Nataka spika za harusi ya binti yangu."

Hakuhitaji kugeuka. Alijua.

"Lini?" aliuliza.

"Mwezi wa Thai. Velsami angekuja mwenyewe, lakini yuko safarini na lori." Isakki aliingia, akaegemeza mwavuli ukutani, akakaa juu ya sanduku. Alikuwa amenenepa, amevaa miwani. "Hawa vijana wa siku hizi wanapiga muziki mpaka wali unatetemeka. Nikasema, nitakwenda kwa mwenye kazi yake."

"Mjomba hajambo?"

"Baba alifariki. Mwaka wa sita sasa."

"Sikuambiwa."

"Nilikataa uambiwe." Kisha, kama anayeona amesema sana, akaongeza, "Velsami si mtu mbaya. Makelele tu."

Kathiresan aliviringisha waya. Alikuwa na maneno aliyoyabeba muda mrefu kiasi kwamba yalikuwa yameshasahau njia ya kutokea. Ulikuwa mchana mtulivu, barabara imelala. Akiwa amempa mgongo, aliyasema.

"Ile Ijumaa nilikuja."

"Najua."

"Nilipita. Nilitaka..."

"Najua, Kathiresan. Nilikuwa nyuma ya mlango."

Waya ukamtoka mkononi. Akageuka, akamtazama usoni, sawasawa, machoni, na macho yake hayakukimbia.

"Ulikuwa unaniona?"

"Ulipopita na uliporudi. Sambusa zilikuwa zinaungua jikoni, nikaziacha ziungue."

"Mbona hukuniita?"

Isakki, ambaye maneno hayakuwahi kumpungukia, alivua miwani, akaifuta kwa sari, akaivaa. Jibu lilipotoka, lilitoka dogo.

"Wanawake walikuwepo. Nitatokaje mlangoni nimwite mwanamume, mtaa mzima unatazama? Nilishakuja dukani kwako, nikaona ushujaa wangu nimeumaliza wote hapa. Nilishika komeo. Nikasema, akipita tena natoka, na liwe liwalo. Ukapita tena. Shangazi akakuuliza, wakacheka, na mimi nilikuwa nimeshika komeo. Mkono haukwenda." Alitazama mkono wake. "Watu wote hudhani mimi sina haya. Hata wewe ulidhani."

"Nilidhani hukuniona."

"Nilidhani ungeshuka."

Basi la Tirunelveli liliingia kituoni likapiga honi, likatoka. Isakki aliinuka, akachukua mwavuli wake, akauliza kama atatangaza yeye mwenyewe au atatuma mtu. Kathiresan alisema atatangaza mwenyewe. Isakki akasema vizuri, akasimama kidogo mlangoni kama aliyesahau kitu, kisha akaenda zake.

Miaka yote ile Kathiresan alikuwa amejilaumu peke yake, na lawama hiyo alikuwa ameshaijua, amelala nayo, ameamka nayo, akaizoea. Hili hakulijua. Kwamba siku ile, kati yake na ule mkeka, kulikuwa na mkono juu ya komeo ulioshindwa kama miguu yake. Kwamba ingetosha mmoja wao tu asishindwe, wakafikiana. Alikaa juu ya lile sanduku, bado lina joto, akalia. Muuza chai aliingia kuulizia balbu akamkuta hivyo, akasimama pale asijue la kufanya, akimtazama usoni, na Kathiresan akaendelea kulia mbele yake wala hakukumbuka kuona haya.